Mkwe Aliyetaka Nyumba Itembee

Ulikuwa mwaka ule tulipokula wali wa ng'ambo. Tarakimu waulizeni waliosoma, mimi nakumbuka sufuria. Wali mrefu, mweupe, hauna harufu hata chembe, unaumwagia mchuzi nao umejitenga, kila punje na lake. Maduka ya Bulyaga, hapa kwetu Tukuyu, yalijaa magunia yake, na huko chini Kyela mchele wetu wenyewe, ule ambao ukipika jirani anajua, ulikosa mnunuzi ukaliwa na panya. Sukari ilirudi bila foleni na bila kibali cha mtu. Mkate ukarudi. Sabuni ikarudi, tena ya rangi tatu. Tukasema tumepona. Mwaka huohuo kiwanda cha chai kikapata mwenyewe mpya, na baba mkwe wangu akatolewa kwenye nyumba ya kiwanda huku ndizi zake zikichemka jikoni.

Nitamwita Mkwe. Jina lake analo na watu wanalijua, lakini mimi sijawahi kulitamka na sitaanza leo kwa sababu nimeshika kalamu. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto humwogopa baba wa mume. Si kuogopa kwa kutetemeka. Ni kwamba hamkutani. Yeye akija njia hii, wewe unaingia migombani. Akikaa barazani, wewe unatokea mlango wa nyuma. Huli naye, humtazami usoni, na ukiwa na neno lako unalipeleka kwa mdomo wa mtu mwingine. Wajukuu zangu wakisikia haya wanacheka mpaka wanashika ukuta.

"Sasa bibi, nyumba ikishika moto je?"

"Kila mtu ana mlango wake," nawajibu.

Wao wanakula na wakwe zao meza moja na kugombania paja la kuku. Sawa. Mimi niliolewa kwa mila ile na niliishika kwa fahari, na nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mjinga.

Kwa hiyo huyu ninayemweleza nilimjua zaidi ya miaka ishirini bila kumtazama uso. Nilimjua mgongo, mpana kama mlango wa ghala. Nilimjua visigino, vimepasuka, na ndani ya mipasuko grisi nyeusi ambayo hakuna sabuni iliyoitoa, hata ile ya rangi tatu. Zaidi nilimjua kikohozi. Akifika hatua kama thelathini kutoka nilipo alikohoa mara mbili, hm-hm, kisha anasimama. Anasubiri. Ananipa muda nifunge kanga yangu na kuondoka na heshima zangu, si kwa kuruka kama kuku aliyefukuzwa. Wako wakwe waliokuwa wakiwatokea wake za watoto wao ghafla na kucheka wakiwaona wanaangukia mitaroni. Yeye hapana. Katika hilo sina la kumsema.

Kazi yake ilikuwa fundi mitambo kiwandani. Mashine za kusokota majani ya chai zilikuwa chini yake, na alizizungumzia kama mtu anayezungumzia ng'ombe zake. "Jani halisokotwi kwa haraka," alikuwa akimwambia mume wangu. "Ukiliharakisha linapata moto, linaharibika kabla ya kuiva." Polepole ilikuwa ndiyo dini yake. Alitembea polepole, aliongea polepole, na kanisani aliomba polepole mpaka wazee wa kanisa wakaacha kumpa zamu ya kuomba, maana watoto walikuwa wanalala. Lakini kula! Mama mkwe alinipa siri hiyo tukiwa tunamenya: "Huyu mzee mbalaga anaimeza kama anayefukuzwa na polisi." Mbalaga ya chungu kizima, ndizi na maharage yake, Mkwe alishamaliza na kunawa wakati wenzake bado wanapuliza.

Sasa niseme habari ya injini, maana bila injini huyu angebaki mzee kama wazee wengine.

Nilikuwa na mashine ya kusaga hapa Bagamoyo. Bagamoyo yetu ya Tukuyu, si ile ya pwani. Ilikuwa yangu. Niliinunua kwa ndizi zangu na maharage yangu, miaka mingi ya kubeba kichwani, mume wangu akiwa shahidi tu. Ilikuwa na injini ya dizeli ya zamani, nzito, gurudumu lake kubwa kuliko kifua cha mtu, inapozwa kwa pipa la maji. Ilizunguka taratibu, tuk, tuk, tuk, ungeweza kuhesabu. Mashine za vijana zilizokuja baadaye zilipiga kelele kama nyuki na kufa baada ya mwaka. Yangu ilikuwa inasaga tu.

Mkwe aliipenda. Alikuwa anakuja siku ya mapumziko yake, anakohoa, mimi natoka mlango wa nyuma, naenda kukaa kwa jirani. Nikirudi nakuta mkanda umekazwa, chujio limeoshwa, na sakafu imefagiliwa. Daima alifagia. Hakuwahi kutaka hata kikombe cha chai. Kisha neno linanifikia kwa mama mkwe: "Anasema mwenye mashine asitie maji ya mtaroni kwenye pipa." Mwenye mashine. Hivyo ndivyo alivyoniita. Hakusema mke wa mwanangu, wala mama Tumaini. Nilitembea na neno hilo mjini kama nimevaa kitenge kipya.

Walipomtoa kwenye nyumba ya kiwanda ilikuwa mvua, lakini Tukuyu lini si mvua? Walikuja vijana wawili na karatasi. Aliomba siku moja, wakasema karatasi haina siku moja. Vyungu vya mama mkwe vilikaa kwenye majani vikijaa maji. Mume wangu alikwenda kuwasaidia kubeba, akanisimulia kwamba baba yake hakugombana na mtu. Alirudi ndani, akafagia nyumba ambayo si yake tena, akafunga mlango, akawapa ufunguo. Halafu akasema: "Sitalala tena mahali ambapo mtu anaweza kuja na karatasi akaniambia toka."

Walihamia Ikuti kwa mdogo wake, kwenye chumba kilichokuwa cha mbuzi. Huko ndiko alikopatia wazo. Alisikia redioni kwamba nchi za watu kuna mafundi wanaotaka kujenga nyumba juu ya bahari, watu wakae humo na watoto wao, nyumba ziwe zinasogea taratibu kukwepa tufani. Watu wengine walisikia wakacheka, wakageuza stesheni. Mkwe hakucheka. Sisi bahari hatuna, tuna ziwa, Nyasa liko huko chini, na majini hakuna anayekuja na karatasi. Mapipa matupu ya mafuta, mianzi yetu ya Rungwe, mabati. Kuelea hakukumsumbua hata siku moja. Kilichomsumbua ni kitu gani kitaisukuma.

Kwa hilo alikaa karibu mwaka mzima, na barazani kwangu kukawa kama baraza la mawaziri. Mimi niko jikoni nyuma ya ukuta, nasikia yote.

Alikuja mfanyabiashara mmoja wa Bulyaga, Mwislamu mpole mwenye duka la vipuri, akamletea habari ya injini ya boti, ya petroli, mpya.

"Mzee, hii ukiiwasha unafika ng'ambo kabla kofia haijalowa. Inakwenda kama risasi!"

"Risasi inahamia wapi?" Mkwe akauliza. "Nimesema nyumba. Mama yao atakuwa na chungu motoni."

Yule bwana akacheka mpaka akapaliwa. "Basi mzee, weka tanga. Upepo ni wa bure."

"Upepo ni bosi. Nimetoka kwa bosi mmoja, siendi kwa mwingine."

"Kasia?"

"Kwa mikono ipi? Hii? Au ya mke wangu mwenye baridi yabisi?"

Hakuwa mtu wa kubishana kwa mdomo tu. Alitengeneza chelezo cha magogo ya mgomba kwenye bwawa la samaki la jirani, akafunga juu yake baiskeli isiyo na matairi, akamkalisha mume wangu apige pedeli. Nyuma akafunga pangaboi, lile panga la kuzunguka linalosukuma maji. Chelezo akakifunga kwa kamba kwenye nguzo, na katikati ya kamba akatundika mizani ile ya kupimia majani ya chai kituoni. Nilitazama nikiwa migombani. Kwanza alifunga pangaboi dogo la bati, likizunguka haraka. Likavuma, maji yakatoa povu kama beseni la kufulia, na mshale wa mizani ukasogea kidogo tu. Kisha akafunga pangaboi la mbao, pana kama ungo, likizunguka taratibu. Maji hayakutoa hata povu. Lakini kamba ikakaza, nguzo ikainama, mshale ukashuka, na mume wangu akapiga kelele kwamba magoti yanakufa.

"Umeona?" Mkwe akamwambia. "Povu ni mafuta yanayotupwa. Kitu kikubwa kinachokwenda polepole ndicho kinachosukuma."

Nami kule migombani nikaona kwamba yuko sahihi. Nilifurahi, mjinga mimi. Sikufikiria hatua inayofuata. Pangaboi kubwa la polepole linataka injini ya polepole.

Siku hiyo alikaa barazani akaongea na mwanawe kwa sauti ya juu kidogo, ile ya kupita ukuta. "Tukuyu nzima kuna injini moja tu inayozunguka taratibu na ikavuta. Mwenye nayo namheshimu. Muulize."

Mume wangu akaja jikoni. Nilikuwa nimeshika mwiko.

"Mama Tumaini, umesikia."

"Nimesikia. Mwambie hapana."

"Hapana hivihivi?"

"Ile injini ndiyo shule ya Tumaini. Mwambie hapana."

"Sasa baba ataambiwaje neno kama hilo?"

"Ni neno fupi, halitakulemea."

Akatoka. Mvua ikashuka juu ya mabati, sikusikia zaidi. Nilimwona tu, kupitia ufa wa mlango, anaongea na viatu vyake. Mkwe akaitikia kwa kichwa taratibu, akaaga, akaondoka. Nikasema yamekwisha.

Mume wangu alikuwa mtu mwema. Hilo nalisema, na wema wake ndio ulionimaliza. Hakuwa na kifua cha kumpelekea baba yake neno kavu. Alimwambia: "Baba, hana neno, ila anaomba tumwachie amalize msimu wa mahindi."

Na Mkwe akasubiri, kama alivyosubiri kila kitu. Msimu wa mahindi ukaisha, akaongeza wiki mbili za heshima, na Jumapili moja nilipotoka kanisani nikakuta mlango wa banda la mashine uko wazi. Injini haipo. Msingi wa saruji uko mtupu, na juu yake boliti nne zimepakwa grisi, zimefungwa kwenye kitambaa safi. Sakafu ilikuwa imefagiliwa.

Nilipiga yowe, mtaa mzima ukajaa. Mama mkwe alipokuja nikamvaa. Akanishangaa kweli kabisa. "Lakini si ulisema tusubiri mahindi? Tumesubiri, mwanangu." Hapo ndipo nilipojua neno langu lilivyofika. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye gunia la pumba, hakunyanyua kichwa. Nikamweleza mama yote, neno kwa neno, nikamwambia apeleke kwa mumewe kule ziwani walikokuwa wanajenga, kwamba sikukubali, sikuwahi kukubali, na injini irudi.

Alikwenda, akarudi na jibu. Nililisubiri siku nne. Jibu lilikuwa moja: "Imeshafungwa."

Imeshafungwa! Boliti zinazoingia zinatoka, nani asiyejua hilo ikiwa fundi hajui? Mpaka siku anasikia ukweli nisingemlaumu sana. Alidanganywa, na alingoja. Lakini kuanzia siku ile alijua. Akaamka kila asubuhi akaitia injini yangu mafuta, huku anajua.

Na bado mtu yuleyule, kwenye ramani ya nyumba ile, alinichorea chumba. Mume wangu aliniletea karatasi nione. Nyumba ilikuwa ya familia nzima, chumba changu kiko nyuma kabisa, na pembeni amechora ubao wa kupita, upana wa futi moja, unaning'inia juu ya maji, una kamba ya kushikilia. Njia yangu peke yangu, nisikutane naye. Alikaa akapima, akawaza mguu wa mke wa mwanawe utakanyaga wapi ili mila isivunjike. Niliitazama karatasi ile nikacheka cheko baya. Mtu ameniheshimu mpaka kwenye ubao wa futi moja, na mkono wake uko ndani ya sufuria ya watoto wangu.

Tumaini alikuwa kidato cha pili. Shule ilikuwa imeshaacha kuwa ya bure, kila kitu kuchangia. Alirudi nyumbani na sanduku lake, na baada ya wiki moja akachukua tenga akaenda kuchuma chai. Mwanangu aliyekuwa wa tatu darasani, anachuma chai ya kiwanda kilekile kilichomtupa babu yake. Wateja wangu wakahamia mashine nyingine. Walikuwa wanapita mbele ya banda langu na debe kichwani, wananisalimia kwa sauti ya msibani. Mume wangu nilimpikia, nilimfulia, na kwa karibu mwaka mmoja sikumpa neno lolote la kubeba kwenda popote.

Nilishuka ziwani mara moja kuiona. Nilisimama kwenye matete. Niliisikia kabla sijaiona, tuk, tuk, tuk, juu ya maji, nami mwili mzima ukasisimka kama mama aliyesikia mtoto wake analia kwenye nyumba ya wengine. Kisha ikatokea. Mapipa, mianzi, paa la bati, moshi wa jikoni, nguo zimeanikwa. Ilikuwa inakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Wapo watu ufukweni walikuwa wanatembea sambamba nayo wakimsalimia mama mkwe, naye anawajibu huku anachambua mboga. Hakuna povu. Haikuyumba. Alichagua sawasawa, kila kitu alichosema kilikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ingezama ningemsamehe.

Nilinunua injini ya pili. Msiniulize kwa vipi. Nilichuma chai pamoja na binti yangu, nilijaza malori ya ndizi za kwenda Dar es Salaam, nilinyimana chumvi na mwili wangu mwenyewe. Ilikuwa ya zamani vilevile, ya polepole vilevile, sikutaka nyingine. Tumaini hakurudi shule, alishapita umri na alishapata mchumba. Lakini mdogo wake wa kike akasoma.

Miaka ikapita, naye akaja. Ilikuwa asubuhi, siku kavu, naosha sufuria nyuma ya nyumba. Kikohozi nikakisikia, lakini hakikuwa hm-hm. Kilikuwa kirefu, cha kifuani, hakina mwisho. Nikaingia jikoni. Akaketi barazani na mume wangu, na sauti yake ikaja kupitia ukuta.

"Shafti ya injini imekatika, haitengenezeki. Nyumba iko kwenye ghuba, kwenye matete, haiendi mbele wala nyuma. Upepo wa kusini uko karibu. Utaisukuma kwenye miamba."

"Tata," mume wangu akamwita baba yake kwa lugha yetu, "si mshuke tu?"

"Nishuke niende wapi? Chumba cha mbuzi?" Akakohoa. "Mama yenu yumo ndani. Amesema bila mimi hashuki. Muulize mwenye mashine. Ile ya pili. Msimu mmoja."

Mume wangu akaja jikoni. Alikuwa amezeeka naye, mvi mpaka masikioni. Akanitazama.

"Shika maneno haya," nikamwambia, "usiongeze, usipunguze. Baba, injini haitoki. Shuka majini, mlete mama, vyumba viwili vya nyuma viko vitupu. Lakini injini haitoki."

"Nimeyashika."

Akaenda. Nikasimama nyuma ya mlango, na siku hiyo mabati yalikuwa kimya.

"Baba," nikamsikia, "mama Tumaini anasema, hm, ni jambo la kuzungumza. Anasema labda tuone kwanza mahindi ya..."

Nilitoka. Mlango wa mbele. Nina mikono yenye majivu, kanga iko kiunoni. Mkwe aliona kivuli changu akashtuka, akashika fimbo yake, akainuka na kugeuka anipe njia, mzee wa watu, hata siku hiyo.

"Kaa, baba," nikasema.

Mume wangu akafunika uso kwa viganja. Mkwe akakaa. Nami nikanyanyua macho nikamtazama. Uso ulikuwa mdogo, mdogo kuliko mgongo ule ulivyoniahidi, na kidevu kilikuwa cha Tumaini wangu. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala siku nyingi. Alinitazama naye, kwa mara ya kwanza, na midomo yake ikawa inatafuta neno la kuniita.

Sikumngoja alipate.

"Baba, injini haitoki. Shuka majini, mlete mama, vyumba viwili vya nyuma viko vitupu. Lakini injini haitoki."